Mlango wa Kushoto wa Hamba

Luanda, Bunyore
3 Juni 1979

Shemeji Naftaly,

Salamu nyingi. Mimi na mwanangu Phelister hatujambo, ila mvua imenyesha mpaka mahindi yamelala. Mtoto amerudi shuleni, kidato cha pili sasa, na miguu imekuwa mirefu kama ya babake.

Nakuandikia kwa ajili ya lile gari letu la Hamba. Tangu tumzike Tobias mwezi wa Novemba, gari limekaa huko Ziwani chini ya turubai, kwenye kibanda nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Jirani, Mama Wacera, anayenitunzia ameshaanza kuweka magunia yake ya makaa humo. Sikutaka kuliuza, lakini mimi si dereva, na gari haliliwi.

Hapa sokoni kuna chumba kinapangishwa, kikubwa, kinatazama barabara. Laban anasema kinafaa mashine ya kusaga unga. Wiki iliyopita Laban alinipeleka Maseno kuona moja iliyotumika, akaisikiliza inavyonguruma huku amefumba macho, akasema ni nzima. Wanataka elfu kumi na mbili. Laban ataifunga na kuiendesha, mimi nitakaa mlangoni na mizani. Bila Laban nisingethubutu hata kuliwaza jambo hili. Jana Laban alipima sakafu kwa kamba, akachora kwa chaki mahali itakapokaa.

Mzee Wehliye, yule mwenye duka la vitambaa karibu na Majengo anayekodisha magari ya harusi, analitaka Hamba jinsi lilivyo. Hataki lipakwe rangi wala liguswe. Lakini bei hataki kuitaja yeye. Anasema aitaje Kinyanjui, yaani wewe. Nami nasema hivyo hivyo. Kazi yako ni kukadiria magari, na hujawahi kunidanganya. Lipime, uniambie bei ya haki.

Nikipata hizo elfu kumi na mbili, nimesimama. Nisipopata, Bwana Johnson, kaka wa marehemu mume wangu, yuko tayari kunirithi. Anasema mjane hakai peke yake, na gari la ndugu yake halikai nje ya boma.

Laban anakusalimu, ingawa hakujui.

Ni mimi,
Norah Kageha


Ziwani, Nairobi
10 Juni 1979

Mama Phelister,

Barua yako ya tarehe 3 niliipata tarehe 7. Nashukuru kwa kuniamini.

Nitakueleza ninavyofanya, ili ujue bei haitoki hewani. Gari kuukuu ambalo halijatengenezwa upya halipimwi kwa kung'aa. Kwanza natazama namba ya injini na namba ya kitabu cha usajili, kama zinapatana. Kisha rangi: je, ni ya kiwandani, au kuna fundi wa Gikomba aliyepitisha mkono wake? Kisha natoa sumaku yangu, ile niliyoing'oa kwenye spika ya redio, naifunga kwa leso isikwaruze, nalizunguka gari zima. Penye bati inashika. Penye puti, ule udongo wa kujazia palipobonyea, inateleza. Gari lililogongwa likajazwa na kupakwa linaweza kupendeza kama bibi harusi, lakini ni theluthi moja ya bei. Gari chakavu ambalo sumaku inashika kila mahali ndilo mtu kama Mzee Wehliye anatafuta, maana halimfichi kitu.

Nitakwenda Jumamosi ya tarehe 23. Kabla ya hapo kazi za huku Industrial Area haziniruhusu.

Nina swali ambalo si la kikazi. Katika barua yako jina la Laban limetokea mara sita. La Tobias, mara moja. Sikuhesabu kwa makusudi, ni mazoea ya ofisini. Huyu bwana ni jamaa yenu? Ana familia? Mashine itaandikishwa kwa jina la nani? Nauliza kama rafiki wa marehemu.

Wako katika Bwana,
Naftaly Kinyanjui


Luanda
17 Juni 1979

Shemeji,

Umeniuliza maswali matatu juu ya Laban na hata moja juu yangu! Tobias alikuwa na haki ya kukuita Daftari. Laban ni Laban. Ana mikono mizuri ya kazi na hapendi maneno mengi. Siku ukija kututembelea utamwona.

Jambo la haraka ni Johnson. Alikuja Jumatano na wazee wawili wa ukoo, wakanywa chai, wakatazama paa. Johnson akaniambia, "Mama Phelister, nyumba hii inavuja." Nikamwambia inavuja tangu mwaka juzi na hakuwahi kuiona. Mzee mmoja akacheka, mwingine akamkanyaga mguu. Lakini wamesema nitoe jibu kabla ya mwezi wa saba kwisha. Nikisema ndiyo, nahamia bomani kwake, chini ya mkewe wa kwanza, na Phelister anasomeshwa mpaka watakapoona inatosha.

Chumba cha sokoni wamenishikia mpaka mwisho wa Julai vile vile.

Basi fanya hima. Nangoja sumaku yako.

Norah


Ziwani
24 Juni 1979

Mama Phelister,

Jana nilifika kibandani saa tatu asubuhi, nikatoka saa sita. Mama Wacera alisimama mlangoni muda wote na bakuli la maharagwe anayachambua. "Daftari," akasema, "unalipapasa hilo gari kama ng'ombe wa mahari. Lioe basi!" Vijana wa mtaa wakacheka. Saa tano Mzee Wehliye akapita. Hakugusa kitu. Alisema tu, "Kinyanjui, wewe ndiye mizani. Ukisema tano nalipa tano, ukisema ishirini nalipa ishirini nikinung'unika."

Nasikitika kukuletea habari isiyo nzuri. Injini ni yenyewe na namba zinapatana. Lakini mlango wa kushoto wa mbele, ule wa abiria, sumaku iliteleza. Uligongwa, ukajazwa puti na kupakwa rangi kwa ustadi. Ukingo wa chini wa mlango huo nao vile vile. Kwa hiyo gari hili si lile ambalo halijaguswa. Nimefanya hesabu mara mbili. Bei ya haki ni elfu tano na mia tano.

Najua hazifiki mashine. Pengine ni heri. Biashara ya ubia na mtu baki inaweza kumponza mjane. Hapa Ziwani watu bado wanaulizia ushonaji wako. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna chumba kitakuwa wazi mwezi wa nane, na cherehani inaweza kupatikana. Lifikirie.

Naftaly Kinyanjui


Luanda
8 Julai 1979

Shemeji Naftaly,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena.

Bei sikuhuzunikia sana. Nimehuzunikia mlango.

Wewe hujui jambo hili. Mwaka 1965, siku Tobias aliponunua Hamba kwa yule mhandisi Mzungu wa reli aliyekuwa anarudi kwao, aliazima sumaku kwako, asikwambie ni ya nini. Tulilizunguka gari pamoja, mimi nimeshika leso upande mmoja. Milango yote minne ilishika. Nakumbuka kwa sababu kwenye mlango wa kushoto Tobias alisema, "Huu ndio wako."

Basi kama sasa inateleza, mlango huo uligongwa mikononi mwake, na akanificha. Niliketi nikakumbuka. Mwaka 1971, kabla ya Pasaka, gari lilipotea wiki mbili. Aliniambia ni klachi. Nilimwuliza mbona fundi anachukua wiki mbili kwa klachi, akaanza kuimba. Mimi nilikuwa nimekuja huku kumwuguza mama, nikarudi gari limeshatoweka. Je, ni nani alikuwa amekaa upande wangu siku lilipogongwa? Nthoki, yule msichana aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yao, alikuwa akirudishwa nyumbani kwa gari hilo kila Alhamisi, na mimi mjinga nilikuwa nampa maandazi ya njiani.

Picha ya Tobias nimeigeuza, inatazama ukuta. Phelister akija likizo sijui nitamwambia nini.

Wewe hudanganyi, shemeji. Ingekuwa mtu mwingine ningesema kakosea. Basi nimejiuliza: namkatalia Johnson kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu aliyenipakia rangi juu ya puti miaka minane? Nimemtumia Johnson jibu. Nimekubali. Atakuja Nairobi Jumamosi ya tarehe 28 kulichukua gari kwa hiyo bei yako ya elfu tano na mia tano, na wiki itakayofuata nitahamia kwake. Mpe ufunguo.

Chumba nimekirudisha. Laban alifuta chaki yake mwenyewe kwa mguu.

Norah


SIMU YA MAANDISHI
12 JULAI 1979
KAGEHA LUANDA
USIMPE JOHNSON GARI. MLANGO HAUKUGONGWA. NILIDANGANYA. BARUA INAKUJA. KINYANJUI


Ziwani
12 Julai 1979

Norah,

Barua yako imefika leo. Nimeisoma nimesimama posta, nikaenda dirisha la simu palepale.

Nina daftari la kila siku, unajua, Tobias alinicheka kwalo miaka ishirini. Humo sijui kudanganya. Nakunakilia neno kwa neno.

"Jumamosi, 23 Juni 1979. Nimepima Hamba. Namba zinapatana. Rangi ya kiwandani, imefifia, haijaguswa. Ngozi ya viti imepasuka mahali pawili, yote ni ya asili. Vifaa vyote vimo kwenye mfuko wake, hata mkono wa jeki. Sumaku: milango minne imeshika. Boneti imeshika. Paa limeshika. Nyuma sikupima, magunia ya makaa yamezuia. Maili 71,300. Sijapata kuona gari kama hili likiwa salama hivi. Bei ya haki: elfu kumi na sita. Elfu kumi na sita ni mashine, na mashine ni Laban. Mikono mizuri ya kazi."

Mstari wa mwisho niliuandika kwa kalamu nzito mpaka karatasi ikatoboka. Kesho yake nikakuandikia ile barua. Mlango wa kushoto niliuchagua kwa sababu ndio uliokuwa mbele yangu. Basi. Sikujua ulikuwa wako.

Naona wivu, Norah. Sina neno jingine. Sikuanza na Laban. Hamba nililiona mimi kwanza. Yule mhandisi aliniambia mimi, Februari 1965, na mimi nikaomba wiki tatu nifanye hesabu: matairi, vipuri, petroli, bima. Nilimwonyesha Tobias hesabu zangu ili anisahihishe. Nilipomaliza, alikuwa ameshaliendesha mpaka Ziwani anapiga honi.

Nawe nilikuona mimi kwanza. Kwaya ya mwaka 1960. Daftari la mwaka ule ninalo, jina lako limo mara arobaini na moja. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuanza. Tobias alikuuliza tu kama una mwavuli.

Nikawa rafiki yenu. Nikaitwa shemeji. Nilikaa kiti cha nyuma cha gari hilo Jumapili nyingi, nikitazama kisogo chake na mkono wako umelala juu ya kiti chake. Alipokufa nililia kweli. Lakini miezi sita baadaye barua yako ikaja na jina la mtu mwingine mara sita, na mimi sikuwa hata nimemaliza kupanga sentensi ya kwanza.

Nilitaka mashine ishindikane urudi Ziwani. Sikujua nakusukuma kwa Johnson. Wala sikujua namgongea marehemu gari kaburini.

Nimetoka kwa Mzee Wehliye sasa hivi. Nimemwambia bei ni elfu kumi na sita na kwamba ile ya kwanza ilikuwa uongo wangu. Akanitazama sana. "Kinyanjui, juzi tano na nusu, leo kumi na sita. Gari limezaa?" Akasema atalipa, lakini kuanzia leo atatafuta mizani nyingine.

Nthoki hakukaa kwenye mlango uliogongwa, kwa maana hakuna mlango uliogongwa. Igeuze picha.

Naftaly


Luanda
18 Julai 1979

Naftaly,

Shemeji sikuiti leo. Mashemeji nimewachoka.

Laban unayemwonea wivu ana umri wa baba yangu. Ana wake wawili, watoto kumi na mmoja, na meno manne. Alifunga mashine ya kwanza ya kusaga Luanda nzima, na mimi namwita baba. Ungeuliza kwa wema ningekujibu. Uliuliza kama askari, nikakuacha ukae na maswali yako. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Mengine yote ni yako.

Johnson nimemrudishia jibu lake mbele ya wazee wale wale. Alisema mwanamke anayebadilika hivyo ana wazimu. Nikamwambia basi afurahi, ameponea. Amekwenda na kofia yake. Chumba kimepatikana tena kwa bahati, na Laban amerudi na chaki. Elfu kumi na sita nitazipokea. Ni bei ya haki, si zawadi yako.

Lakini sikia ulichofanya. Wiki mbili nzima nimemchukia mume wangu. Nilichoma barua zake tatu kabla mkono haujachoka. Na Nthoki nilimwandikia, huko kwao Machakos. Nilimwambia maneno ambayo sikujua ninayo. Jana amejibu mstari mmoja: "Dada Norah, mimi nilikukosea nini?" Uniambie sasa nimpime kwa sumaku ipi ili nijue inashika.

Picha nimeigeuza. Lakini sikufichi, nikimtazama bado nasikia neno klachi. Mlango haukugongwa, sawa. Ila wiki mbili zilikuwapo, na aliimba nilipomwuliza. Hilo hujalifuta na huwezi kulifuta kwa simu. Na daftari lako lenyewe linasema nyuma hukupima.

Kwa hiyo nenda tena. Mwambie Mama Wacera aondoe makaa yake. Lizunguke gari lote, bati kwa bati, uniandikie sumaku ilichofanya. Kama ni kibaya, niandikie hivyo hivyo. Usiniandikie bei. Usiniandikie moyo wako. Umechelewa nao kama kawaida yako, na leo siutaki. Niandikie sumaku tu.

Norah Kageha


Ziwani
22 Julai 1979

Norah Kageha,

Jana, Jumamosi ya tarehe 21, kuanzia saa mbili asubuhi. Mama Wacera ameondoa magunia kumi na moja, akanisaidia kufagia. Hakunitania.

Mlango wa kulia wa mbele: imeshika.
Mlango wa kulia wa nyuma: imeshika.
Boneti na mabawa ya mbele, yale mabati yanayofunika magurudumu: imeshika.
Paa: imeshika.
Mlango wa kushoto wa nyuma: imeshika.
Mlango wa kushoto wa mbele: imeshika. Nimeupima mara tatu, juu, katikati na ukingo wa chini.
Kifuniko cha buti: imeshika.
Bawa la nyuma, kushoto, chini ya taa: imeteleza.

Nimerudia mara nne. Ni mahali padogo, kama kiganja cha mtu mzima. Puti ni nzuri, rangi imechanganywa kwa uangalifu ifanane. Fundi wa namna hiyo angeweza kuchukua wiki mbili.

Nilirudi nyumbani nikatoa daftari la mwaka 1971. Nanakili.

"Jumamosi, 3 Aprili 1971. Norah yuko kwao anauguza. Tobias ameniazima Hamba nimpeleke mama hospitali. Wakati wa kurudi, nikirudisha gari nyuma kwenye kibanda, niligusa nguzo ya kamba za nguo kwa upande wa kushoto. Nikaogopa hata kushuka. Tobias akaja anakula muwa. Akainama nyuma ya gari akakaa huko kitambo. Akainuka akasema, 'Vumbi tu, Daftari. Leta ufunguo, nenda ukamwangalie mama.' Sikwenda kutazama mwenyewe. Mtu huyu hata hasira hana. Kila kitu kwake ni chepesi. Namwonea wivu."

Juma lililofuata gari halikuwepo. Nami pia aliniambia klachi. Niliamini. Sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili mpaka jana, nikiwa nimepiga magoti na sumaku mkononi.

Hakuna mtu aliyekuwa amekaa upande wako. Nilikuwa peke yangu ndani ya gari. Alilipa kimya, akakuficha wewe ili usinione mzembe, akanificha mimi ili nisione haya.

Mzee Wehliye nimemwita, nikamwonyesha mahali penyewe na kumweleza palivyotokea. Aliinama kama Tobias alivyoinama. Kisha akasema neno ambalo ni la bei, kwa hiyo siliandiki. Litakufikia kwake mwenyewe.

Ukurasa wa 3 Aprili nimeukata na kuutia ndani ya bahasha hii. Ndio ukurasa wa kwanza niliowahi kuukata kwenye daftari langu lolote. Mpelekee Nthoki ukipenda, au mwonyeshe Phelister.

Uliniambia nisiandike moyo wangu. Hii ni sumaku tu.

Naftaly Kinyanjui